Maswali ya Wasomaji: Glisini na Supu ya Makongoro

SWALI: Ndugu Mhariri, mwanangu wa kidato cha tano ananiambia kwamba kinachoigandisha supu ya makongoro ikipoa kimejaa glisini, asidi amino (kijenzi cha protini) iliyo ndogo kuliko zote. Je, ina kazi gani mwilini, na nisipokunywa supu hiyo nitapungukiwa?
Mama wa Ujiji, Kigoma

JIBU: Mama yetu, mwanao amesema kweli. Makongoro yakichemka kwa saa nyingi, kolajeni, protini iliyomo katika kano na ngozi, hugeuka jelatini, nayo ndiyo huigandisha supu. Mwaka 1820 mkemia Mfaransa, Henri Braconnot, aliichemsha jelatini pamoja na asidi ya salfuriki, akapata fuwele tamu alizozidhania kuwa aina ya sukari. Hizo ndizo glisini.

Kila asidi amino ina tawi la pembeni linaloitofautisha na nyingine, na tawi la glisini ni atomu moja tu ya haidrojeni. Nguvu yake imo katika udogo huo. Kolajeni ni nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja mithili ya kamba ya katani, na katika kila uzi, kila asidi amino ya tatu ni glisini, kwa kuwa pale katikati nyuzi zinapobanana hapana nafasi ya kuenea nyingine yoyote. Hitilafu ya jeni ikiweka asidi amino nyingine mahali pa glisini, hata mahali pamoja tu, msokoto huweza kuharibika, na mtoto akazaliwa na mifupa inayovunjika kwa urahisi.

Glisini hutumika pia kutengenezea himi, sehemu ya himoglobini inayoshika madini ya chuma katika damu. Katika uti wa mgongo huzituliza neva zinazoamrisha misuli. Sumu ya strikinini huizuia kazi hiyo, ndiyo maana aliyeimeza hukakamaa mwili mzima.

Ama kuhusu kupungukiwa, ondoa shaka: mwili hujitengenezea glisini, hasa kutokana na asidi amino iitwayo serini, na dagaa mnaowala wazima, ngozi na mifupa yao, wanayo pia. Wanaodai kwamba supu hiyo huenda moja kwa moja magotini wanakosea, kwani tumbo na utumbo huimeng'enya jelatini kama protini nyingine yoyote. Supu inywe kwa utamu wake, lakini mapera na machungwa yasikosekane nyumbani, kwa sababu bila vitamini C mwili hauwezi kuunda kolajeni imara, hata glisini iwe tele.