Kabla Hamjashika Pasi: Kwa Walimu Wapya wa Madarasa ya Awali

Juzi, baada ya kipindi cha uchoraji, nilimkuta mwalimu mwenzetu aliyeanza muhula huu amelikaba shati la mtoto ndani ya beseni la maji ya moto, akilisugua kwa brashi kana kwamba analidai. Rangi yenyewe ilikuwa akriliki. Sikumgombeza, kwa sababu yote aliyoyafanya nimewahi kuyafanya, ila nimeona niyaandike haya kabla ya kipindi kijacho.

1. Jiulizeni kwanza doa ni la nini. Rangi za maji za watoto kwa kawaida hutoka kwa maji baridi na sabuni. Akriliki mbichi nayo hutoka, lakini ikikauka hugeuka utando wa plastiki ulioshikamana na nyuzi, na hapo mtahitaji spiriti, ukucha na subira, na pengine bado mtashindwa. Mvueni mtoto shati papo hapo, kipindi kitasubiri. Mimi niliambiwa hivyo mwaka wangu wa kwanza, nikaitikia, nikaendelea kugawa brashi.

2. Msisugue. Geuzeni nguo, mmimine maji baridi kutokea nyuma ya doa ili rangi irudi ilikoingilia, kisha mlibonyeze kwa kitambaa cheupe mkianzia ukingoni kuelekea katikati.

3. Ogopeni joto, na hapa sina budi kukiri. Mtoto aliyetakiwa kuimba jukwaani mchana ule alikalia krayoni nyekundu, ikasagika kwenye pindo la gauni lake jeupe la pamba na kuacha alama ya urefu wa kidole. Nilikuwa nimesikia kwamba nta hutolewa kwa pasi na karatasi, jambo ambalo ni kweli, na kwa kuwa nililisikia nusu nikajiona fundi. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa gazeti. Sikuikwangua kwanza nta iliyokuwa juu, sikuweka karatasi upande wa chini, na pasi niliiacha kwenye moto wa kitani, yaani ule mkali kabisa. Nta iliyeyuka kweli, lakini wekundu wake ulitandaa ukawa na upana wa kiganja, na nilipolibandua gazeti nikakuta nusu ya kichwa cha habari kimehamia kwenye gauni, herufi zikiwa zimegeuka kama zionekanavyo katika kioo. Nikapiga pasi tena, nikidhani gazeti la pili litanyonya wino wa lile la kwanza. Mama yake alipofika alilitazama pindo, akainamisha kichwa upande, na nikatambua kwamba alikuwa anajaribu kulisoma. Hakunitamkia neno baya hata moja, na ndiyo maana linaniuma hadi leo.

Gauni lile lingeokolewa kwa barafu ya dakika chache ili nta iwe ngumu, ukingo wa kijiko wa kuikwangulia, karatasi nyeupe zisizo na maandishi juu na chini, pasi ya moto mdogo isiyo na mvuke, na sabuni ya kuoshea vyombo kwa wekundu uliobaki.

4. Wino usiofutika hudondoshewa spiriti, kitambaa kikiwa chini yake na watoto wakiwa mbali. Jaribuni kwanza kwenye upindo wa ndani. Gundi nyeupe hulowekwa katika maji ya vuguvugu. Vumbi la chaki hukung'utwa likiwa kavu, na atakayelilowesha kwanza amejitafutia kazi.

5. Dawa ya klorini si ya kila nguo. Kuna mwenzetu aliyeimimina kwenye shati lenye mistari ya buluu, na doa likaondoka pamoja na mistari. Kamwe msiichanganye na siki wala amonia, kwa maana hutoa gesi yenye sumu.

6. Aproni mnazifunga vizuri, nawasifu, lakini mnasahau kukunja mikono ya mashati, nayo ndiyo huingia kwenye kopo la rangi kabla ya brashi. Na krayoni, tafadhali, zihesabuni kabla watoto hawajaketi.