Jibu: Tairi inashuka kila wiki, niweke nitrojeni?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, tairi ya mbele kushoto inatoka PSI 32 (kipimo cha presha ya upepo) hadi 26 kila wiki na umeambiwa kujaza gesi ya nitrojeni ndio dawa. Usilipe bado! Kuna mahali inavuja, na nitrojeni itatokea hapohapo, maana hata hewa ya kawaida ni nitrojeni karibu 78%.

Yangu ilinisumbua hivyo nikisafiri Nakuru-Kisumu, nikajaza nitrojeni na bado ikashuka, mpaka nikachukua maji ya sabuni nikamwagia valvu (pale unapojazia upepo), nikaona povu ndogondogo zinapanda polepole kama uji unaoanza kuchemka. Nikabadilisha valvu, shida ikaisha. Kwa hivyo anza na valvu, halafu ukingo wa rimu, halafu utafute msumari.

Nitrojeni ni kavu na inapenya mpira polepole kidogo, hiyo ni kweli, lakini gari ya kawaida hautaona tofauti kubwa. Na wenye wameshaiweka, ikishuka ukiwa Kericho ongeza upepo wa kawaida tu, haina shida, kuendesha na tairi laini ndio hatari. Pima asubuhi kabla tairi zipate moto, ufuate namba za kibandiko cha mlango wa dereva.