Utalala shimo lile

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, inaweza kuwepo akili ya kiwango ambacho binadamu hawezi kukielewa? Nilikuwa nimeshaandika jibu la neno moja, hapana. Nimefundisha hisabati sekondari miaka 27, na maneno niliyoyachukia kuliko yote darasani ni "mwalimu, hii imenizidi akili." Haijakuzidi. Haijavunjwa vipande vidogo vya kutosha, basi. Mambo ya malaika na majini nawaachia mashekhe. Mimi nasema juu ya akili inayoonekana ikifanya kazi.

Kabla sijatuma nikakumbuka bao.

Nilikuwa na miaka 15, mtaani kwetu Ng'ambo, Unguja. Bao la kiswahili mnalijua: mashimo 32, kila mchezaji safu mbili, ya mbele na ya nyuma; kete 64, kila mchezaji anaanza na kete 10 ubaoni na 22 za kunamua, yaani za kuingiza moja moja kila zamu. Hakuna kinachofichwa, hakuna dado. Komwe zote ziko wazi mbele ya macho ya wote wawili, na ndiyo maana nililipenda. Nilishawafunga wenzangu wote na watu wazima kadhaa. Barazani alikuwapo mzee mmoja, mvuvi aliyekwisha kuacha bahari, ambaye hata wenye mvi walimwamkia kabla ya kukaa. Siku moja baada ya alasiri nikamwomba tucheze. Akasogeza kikombe chake cha kahawa pembeni. "Kaa, mjukuu wangu."

Nilianza vizuri. Zilipobaki kete chache za kunamua, nyumba yake, lile shimo la kulimbikizia kete, ilikuwa imenona, kete 13 kama kumbukumbu haijanipotosha, na ilikuwa inalika. Alikuwa na njia mbili za kula. Akachagua kula kete zangu mbili tu, upande wa pili kabisa, nyumba akaiacha wazi vilevile. Mkono wangu ulitetemeka kwa furaha. Kabla sijaweka kete, akanyoosha kidole kwenye safu yangu ya nyuma. "Ukianzia kulia, utalala shimo lile. Ukianzia kushoto, utalala hili hapa." Kulala ni kete yako ya mwisho kuangukia shimo tupu, zamu yako ikaishia hapo.

Nikaila nyumba, nikaanzia kulia. Nikatia kete moja moja kutoka kichwani, shimo la mwisho la safu ya mbele, nikifika shimo lenye kete nazoa, naendelea, nikala tena njiani, nikazunguka nyuma, nikarudi mbele. Nilikuwa nahesabu kwa sauti makusudi, ili kila mtu asikie pale mzee atakapokuwa amekosea. Kete ya mwisho ikaingia shimo tupu. Lile lile, la tatu kutoka mwisho.

Zamu yake akala, akala tena, na kila alichokula ndicho nilichojilundikia mwenyewe mbele. Hazikupita zamu mbili, safu yangu ya mbele ikawa haina hata kete moja. Waliokuwa wamekaa wakasema kwa pamoja, "Hamna!", yaani nimefungwa.

Nilisema amebahatisha. Nikarudi kesho yake, na keshokutwa, na wiki nzima. Mwisho nikamwambia, "Babu, nifundishe." Alinifundisha kwa subira ambayo mimi sijapata kuwa nayo mbele ya ubao. Alinipitisha kete kwa kete: hapa unazoa nne, zinafika hapa, hapa kuna mbili, zinakuwa tatu. Kila hatua niliielewa. Naomba msomaji alishike hili, maana ndilo lililonibadilisha jibu: hakukuwa na hatua hata moja iliyonishinda. Ila nikijaribu kuzibeba zote pamoja, nikifika shimo la saba au la nane za mwanzo zilishaniponyoka. Nikamuuliza yeye anazibebaje. "Sizibebi," alisema. "Nauona ubao ulivyokaa."

Kwa hiyo vipande vyote vinaweza kueleweka na jumla yake isieleweke. Walimu wenzangu wa hisabati watakumbuka ile kanuni ya rangi nne: ramani yoyote bapa, hata ya mikoa yetu, hutosha rangi nne bila majirani kufanana. Swali liliulizwa mwaka 1852. Likathibitishwa mwaka 1976 na Kenneth Appel na Wolfgang Haken, Chuo Kikuu cha Illinois, kwa kompyuta iliyofanya kazi zaidi ya saa 1,000 ikipitia kesi moja baada ya nyingine. Kompyuta ile haikuwa na akili, ilihesabu tu. Lakini uthibitisho upo, na hakuna aliyeubeba wote kichwani.

Basi kama mimi na mvuvi yule tuliachana namna ile kwenye mashimo 32, sina sababu ya kudhani ngazi iliishia kwake. Inaweza kuwepo. Nafuta hapana yangu.

Lakini sikubali moja kwa moja. Mzee yule nilimwamini kwa sababu ya ile safu tupu. Mchezo ungekuwa hauna mwisho, kuacha nyumba wazi kungebaki kosa la mtu mzima anayechoka. Na mambo makubwa tunayoishi nayo, kulea mtoto, kuoa, kuongoza nchi, hayana siku ambayo watu watakaa pembeni waseme hamna. Akija mtu au mashine, akadai kuona humo nisichokiona, sina pa kumpimia. Akili hiyo inaweza kuwa ipo na mimi nikaipita kama upuuzi, na upuuzi nikaupigia magoti kama akili. Hilo linanitisha kuliko swali lenyewe.

Kuna mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili nimemkumbuka tangu nianze kuandika. Nilimsimamisha ubaoni kwa sababu alisema somo limemzidi akili. Nikamshika mstari kwa mstari. Huu umeelewa? Nimeelewa, mwalimu. Na huu? Nimeelewa. Tukafika chini kabisa, na bado akasema imemzidi. Nilidhani ni ukaidi, nikamtoa nje.

Mwalimu mstaafu, Unguja