Sikio limeziba, ulimi nao unahisi chuma: neva zimeingiaje hapo?

SWALI: Habari daktari. Nina miaka 34. Tangu nipate mafua mwezi uliopita, sikio la kulia limeziba na linauma. Nimeambiwa sikio la kati limevimba. Ajabu ni kwamba upande huohuo wa ulimi, kila ninachokula kina ladha ya chuma. Je, ni bakteria tu, au neva nazo zinahusika?

JIBU: Zinahusika, dada, na hiyo ladha ya chuma ndiyo inayozitaja. Nyuma tu ya ngoma ya sikio, katikati ya vifupa viwili, nyundo na fuawe, hupita neva nyembamba kama uzi inayobeba ladha kutoka sehemu ya mbele ya ulimi. Hapo haina mfupa wa kuikinga, ila utando laini. Utando ukivimba, neva inasumbuliwa na ulimi unapokea taarifa za uongo. Mara nyingi hali hiyo huisha uvimbe ukipungua.

Neva za maumivu zina vituko zaidi. Tumezoea kuzifikiria kama waya za kupeleka habari kwenye ubongo, basi. Kumbe ncha zake zikichokozwa humwaga kemikali palepale, mojawapo ikiitwa substansi P, zinazotanua mishipa midogo ya damu na kuifanya ivujishe maji. Uvimbe unaichokoza neva, neva nayo inauchochea uvimbe.

Hata hivyo, neva si mchokozi wa kwanza. Kwa kawaida mafua huvimbisha mrija unaounganisha sikio na nyuma ya pua. Hewa iliyobaki ndani inafyonzwa, ngoma inavutwa ndani, maji yanajaa, na bakteria wakipanda kutoka puani wanakuta dimbwi.

Mgonjwa akilalamika sikio nami nikakuta ngoma safi, namwambia afungue mdomo. Jino bovu au tonsili huweza kuuma sikioni, kwa sababu hutumia neva zilezile zinazohudumia sikio.

Kwako wewe, maji huweza kubaki wiki kadhaa hata maambukizi yakiisha. Lakini kwa mtu mzima, sikio moja kuziba mwezi mzima ni sababu ya kumwona daktari wa masikio, pua na koo, akague pia nyuma ya pua. Usidondoshe dawa yoyote sikioni kabla ngoma haijaangaliwa kama imetoboka. Uso ukianza kupinda, ukapata kizunguzungu kikali, au nyuma ya sikio pakavimba, nenda hospitali siku hiyohiyo: neva ya uso nayo hupita humohumo, na kwa baadhi ya watu mfereji wake wa mfupa una uwazi.