Muulize Fundi: Saa ya jasusi haina mashine

Toleo lililopita, nikijibu swali la saa iliyoingia maji, niliponyokwa na mstari mmoja: kwamba saa za majasusi wa sinema zisingemaliza hata wiki mkononi. Nimekoma! Barua zimemiminika mpaka muuza magazeti wa hapa Barabara ya Nane kaanza kuniita 007. Basi mwezi huu saa zenu mbovu zingoje kwenye droo, tumalizane kwanza na majasusi.

*Shikamoo Fundi. Nakupinga. Kwenye filamu ya James Bond, yule wa Roger Moore, saa yake ina sumaku kali na ukingo unaozunguka kama msumeno. Ikiwa Waingereza waliitengeneza, wewe unasemaje haiwezekani? – Mbishi, Chumbageni*

Marahaba, mbishi. Filamu yako ni *Live and Let Die* ya mwaka 1973, na saa ni Rolex Submariner. Naijua vizuri, maana iliniponza.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, ndiyo kwanza naanza kujifunza kazi. Filamu ilipofika hapa mjini niliiona mara mbili, ya pili kwa hela ya sukari ya nyumbani. Kesho yake nikapasua spika mbovu ya redio, nikatoa sumaku, nikaifunga kwa uzi chini ya saa ya mteja niliyoachiwa niisafishe kioo. Nikaokota pini mbili na skrubu moja kwa mbali. Nikajiona! Jioni saa ile ilikuwa imekimbia mbele karibu nusu saa. Mwalimu wangu hakuuliza kitu. Aliweka dira ndogo juu ya saa, sindano ikacheza, akaniangalia, kisha nikaangukiwa na kofi ambalo sikio la kushoto bado linalikumbuka. Mwenye saa alikuwa bwana mmoja wa mkonge, akatukana wiki nzima kila akipita.

Sababu yenyewe ni hii. Ndani ya saa ya kutia ufunguo kuna springi nyembamba kama unywele, imejiviringa mfano wa dawa ya mbu ya kuchoma. Inapumua: inajikaza, inajilegeza, na saa nyingi za zama zile ziligonga mara tano kwa kila sekunde. Ikishika sumaku, mizunguko yake inanatana, springi inakuwa kama imefupishwa, saa inakwenda mbio. Ikizidi, inasimama. Na hiyo ni sumaku ya spika tu. Bwana Bond yeye alitaka kuvutia mashua kwa yake!

Kwa hiyo ya sinema ilifanyaje? Haikufanya. Ilipouzwa kwenye mnada Geneva mwaka 2015, kwa faranga za Uswisi 365,000, ndani haikuwa na mashine. Kasha tupu. Na ile zipu ya gauni inayoshuka yenyewe kwa nguvu ya sumaku, ilivutwa na waya mwembamba. Sumaku haikuiharibu saa ile kwa sababu hapakuwa na saa. Mteja akiniletea kasha tupu mimi namrudishia, wenzetu wanalinunua kwa bei ya nyumba.

*Fundi, mdogo wangu anazamia kambakoche huku Tongoni. Ameona kwenye simu wanauza kifaa kidogo cha kuuma mdomoni, hakina mtungi, ati kinachuja hewa kutoka kwenye maji. Anasema ni kweli kwa sababu kimo hata kwenye sinema ya kijasusi. Ameshaanza kuchanga. Tumwambieje? – Dada mtu*

Mwambie asitume hata shilingi, na kama kishafika, afungie mlango wa banda.

Kifaa hicho cha sinema kilionekana mwaka 1965, *Thunderball*. Bond anauma kitu cha ukubwa wa sigara mbili nene, anapiga mbizi, anapigana, anaibuka. Kilionekana cha kweli mno, hata ofisa mmoja wa wahandisi wa jeshi la Uingereza akampigia simu Peter Lamont, aliyekuwa mchoraji kwenye filamu ile, kumuuliza kinadumu kwa muda gani. Lamont akamjibu: kadiri unavyoweza kuzuia pumzi yako. Yaani mwigizaji alikuwa amebana pumzi, basi, kama mdogo wako anavyofanya kila siku bila kulipwa na mtu wa sinema.

Sasa tupige hesabu, dada, mkae naye chini mpige pamoja. Mtungi wa kawaida wa wazamiaji ni wa lita 12, na hewa imeshindiliwa humo mara 200, kwa hiyo una lita 2,400. Mtu anayefanya kazi anavuta kama lita 20 kwa dakika akiwa juu. Akishuka mita 10, uzito wa maji unamfanya atumie maradufu, lita 40. Mtungi ule mkubwa utampa saa moja. Haya, chukua kijitu cha kuuma mdomoni, tuseme kinabeba mililita 60, na tukikubalie kwamba kimeshindiliwa vilevile. Kina lita 12 za hewa. Kwa mita 10 zitaisha kwa sekunde 18. Hajafika kwenye jiwe la kambakoche.

Na hiyo habari ya kuchuja ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ina harufu ya ukweli. Samaki anachuja, ndiyo. Lakini maji yetu haya ya vuguvugu, lita moja ina oksijeni isiyofika mililita 5. Binadamu anayeogelea kwa bidii anataka kama lita nzima ya oksijeni kila dakika. Gawanya: ni zaidi ya lita 200 za maji kila dakika. Ni pipa! Lile pipa la mafuta la chuma mnalotegea mvua. Pipa zima lipite mdomoni mwake kila dakika, halafu na kichujio kisiache tone la oksijeni. Samaki ana damu baridi na hana haraka ya kwenda mnadani.

Anayeuza ana picha nzuri. Picha haipumuliwi.

*Babu Fundi, lile gari jeupe linaloingia baharini na kuwa nyambizi, watu wa ndani hawalowi? – Mwanafunzi wa darasa la tano, Muheza*

Wanalowa chapa, mjukuu wangu. Ilikuwa Lotus Esprit, filamu ya Bond ya mwaka 1977. Ile iliyokwenda chini ya maji ilijaa maji mpaka darini, na dereva alikuwa mzamiaji aliyevaa mtungi wake mgongoni. Mwenye suti kavu alipigwa picha mahali pengine.

*Fundi naomba jina langu ulifiche. Nataka kalamu ya kurekodi sauti niitie kwenye gari la mume wangu. Unazo? – Mke, Korogwe*

Nimelificha, shemeji. Kalamu sina, na ningekuwa nayo nisingekuuzia. Mimi fundi saa, si kadhi.

Lakini kwa kuwa umetaja kusikiliza, chukua kisa. Mwaka 1945 watoto wa Kisovieti walimpa balozi wa Marekani jijini Moscow zawadi ya ngao ya taifa lake, imechongwa kwenye mti, nzuri kweli. Akaitundika nyumbani kwake. Ndani mlikuwa na kikopo kidogo chenye utando mwembamba na kijiti cha antena. Hakina betri, hakina waya, kwa hiyo hakikuonekana walipopekua. Warusi wakitaka kusikiliza walikielekezea mawimbi ya redio kutoka nje, utando unatikisika kwa sauti za chumbani, mawimbi yanarudi yamebeba maneno. Kiliundwa na Leon Theremin, na kilitajwa na kila fundi redio niliyemheshimu. Kiligunduliwa mwaka 1952. Miaka saba ya kusikiliza mazungumzo ya wenyewe kula chakula cha jioni! Wewe shemeji, muulize tu mumeo. Itakuchukua usiku mmoja.

*Mzee, hivi majasusi hao walishawahi kufika Tanga, au ni mambo ya Ulaya tu? – Kidato cha nne, Makorora*

Walifika, na kazi yao ilinuka. Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishuka Raskazone na askari kama 8,000, wengi kutoka India. Von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa na kama 1,000. Unajua nani alishindwa. Walipokimbia kurudi melini waliacha bunduki mamia, bombomu 16 na risasi 600,000 pale ufukweni. Katikati ya mapigano nyuki waliotibuliwa waliwavamia watu, na baadaye ikavumishwa Uingereza kwamba Mjerumani aliwategesha nyuki kwa nyaya mitini. Nyuki wa kijasusi! Wale walikuwa nyuki wa Tanga tu, wamepigiwa kelele mlangoni kwao.

Ofisa wa upelelezi wa Waingereza alikuwa Richard Meinertzhagen. Aliandika kwamba wakati wa vita vile alilipa watu wamwokotee karatasi kwenye vyoo vya kambi za Wajerumani, kwa sababu maofisa walikuwa wakijipangusia barua na amri za kijeshi. Anazikausha, anazisoma. Hakuna sinema itakayoonyesha kifaa hicho. Ila mchukulie kwa uangalifu: bwana huyo baadaye aligundulika kuwa aliiba ndege waliokaushwa kwenye makumbusho na kuwabandika vibao vya uongo. Mtu wa kudanganya juu ya ndege hata chooni atadanganya.

*Wewe mwenyewe ungepewa kimoja, ungechagua kipi? – Mbishi yuleyule, Chumbageni*

Kumbe bado upo. Kifungo.

Katika Vita Kuu ya Pili, London, alikuwepo bwana aitwaye Charles Fraser-Smith. Kwa watu alikuwa karani wa mambo ya nguo. Kwa siri alitengenezea marubani na majasusi vitu vya kutorokea: kamba za viatu zenye waya wa msumeno ndani, na kifungo cha koti chenye dira tumboni. Kifungo kile kilifunguka kama kifuniko cha skrubu, ila kinyume. Alihesabu kwamba Mjerumani akikishuku atakizungusha upande ambao kila mtu anazungushia, na kila akizungusha anazidi kukikaza.

Nilipolisoma hilo niliweka kibano chini nikacheka peke yangu, kwa sababu mji mzima huu unapita na siri hiyo miguuni. Pedali ya kushoto ya baiskeli ina thredi za kinyume. Juzi jirani yangu fundi baiskeli alipokwenda kuswali, kijana wake aliamua kuifungua kwa kuzungusha kama pedali ya kulia. Alikaza mpaka akapanda juu ya spana kwa miguu miwili. Nilikuwa namuona. Nilinyamaza nione kama Fraser-Smith alikuwa na akili, na spana hadi naandika haya imeng'ang'ania palepale, baiskeli imelala ubavu, mwenyewe kaenda kazini kwa bajaji.