Ukipandikizwa figo, chunga saa ya dawa

Wengi wanaoniuliza kuhusu kupandikizwa figo huanza na upasuaji: unachukua muda gani, unauma kiasi gani, kovu linabaki wapi? (Langu liko chini ya tumbo, karibu na nyonga, figo za zamani kwa kawaida huachwa mahali pake.) Mimi niliyepokea figo ya dada yangu, baada ya kusafishwa damu mara tatu kwa wiki kwa saa nne nne, nashauri mratibu wa upandikizaji aulizwe kwanza swali jingine: nikipata homa usiku wa manane, nimpigie nani? Anayekuandikia namba papo hapo amekwisha kukuonyesha utakavyohudumiwa miaka ijayo.

Angalia pia anavyotunzwa mchangiaji. Dada yangu alipangiwa daktari wake, tofauti na wangu, akazungumza naye faraghani ili akitaka kukataa akatae bila mimi kuelezwa sababu. Mpango usiompa mchangiaji nafasi hiyo nisingeuamini.

Kosa langu lilitokea mwezi wa pili baada ya upasuaji. Takrolimasi, dawa inayozuia mwili kuikataa figo, niliandikiwa kila baada ya saa 12, na siku ya kliniki damu hutolewa kabla ya dozi ya asubuhi, kwa kuwa kinachopimwa ni kiwango cha chini kabisa kilichobaki mwilini. Kwa mazoea nikameza nyumbani. Majibu yakatoka juu, na nusura nipunguziwe dozi isiyo na tatizo, mpaka muuguzi aliponiuliza, "Leo umemeza saa ngapi?" Tangu hapo kidonge cha asubuhi ya kliniki hukaa mfukoni mwa shati, ndani ya karatasi yake ya kiwandani, na hakitoki mpaka pamba ibandikwe mkononi.

Balungi nimeacha kabisa, maana hupandisha kiwango cha dawa hiyo kwenye damu. Mitishamba sigusi, na hata dawa ya maumivu naulizia kwanza, kwani baadhi yake huumiza figo. Kliniki usiikose hata ukijisikia mzima, kwa sababu figo huweza kuanza kukataliwa bila maumivu yoyote, dalili pekee ikiwa kupanda kwa kreatinini, taka ya mwili ambayo figo huichuja kutoka kwenye damu.

Homa ikifika nyuzi 38, usingoje kupambazuke. Mara ya mwisho nilipiga simu saa nane usiku, nikaambiwa nije na dawa zangu zote, na nilipofika nilikuta kitanda kimeshatandikwa.