Chakula cha Japani, nawajibu mlioniuliza

Kila anayenipigia kutoka nyumbani swali ni lilelile, ati huko mnakula samaki wabichi kweli? Na sasa kuna wadogo zangu wanaomba skolashipu ya serikali ya Japani wananiuliza kama wataweza kuishi huku, basi naandika mara moja niwaambie nilivyoona mimi hapa Osaka.

Samaki mbichi ndo jambo dogo kuliko yote jamani. Jodari mnamjua, huyuhuyu tunayemkaanga, hapa anakatwa vipande anawekwa juu ya wali uliotiwa siki na sukari kidogo, ndo sushi hiyo, unachovya kwenye sosi ya soya unakula. Hana shombo kabisa maana tangu baharini mpaka mezani hajatoka kwenye baridi, kwa hiyo msije mkajaribu na samaki aliyeshinda juani sokoni tangu asubuhi. Na ukishindwa hakuna anayekulazimisha, ile migahawa ya sushi yenye mkanda unaozunguka ina kamba waliochemshwa, mayai, tambi, chipsi, na sahani za bei ya chini zinaanzia yeni mia na kitu. Halafu pweza! Mtu wa pwani akifika Osaka atafurahi, kuna takoyaki, vidonge vya unga wa ngano vyenye kipande cha pweza ndani, wanavigeuza kwenye chuma chenye mashimo kama cha vitumbua, vinaliwa vya moto mpaka machozi yanakutoka.

Kinachochosha ni usichokiona, na hapa nasema na Waislamu wenzangu hasa. Supu ya rameni, zile tambi zao za supu, mara nyingi ni mifupa ya nguruwe, ile ya mji wa Fukuoka ndo wanaichemsha masaa mengi mpaka inakuwa nyeupe. Mkate unaweza kuwa na mafuta ya nguruwe, mboga za kuchemsha zimetiwa mirin, kiungo kitamu cha mchele cha kupikia ambacho kina kilevi. Ukimuuliza mhudumu atakwambia hamna nguruwe, na anasema kwa nia njema kabisa, yeye anafikiria minofu tu, mafuta na supu hata hayamjii. Ndo maana nawaambia herufi hii 豚, yaani nguruwe, ijueni kabla hamjapanda ndege, muitafute nyuma ya kila pakiti, na mengine mpige picha simu iwatafsirie. Kuku wa halali wapo, wale wa kugandishwa kutoka Brazili wanauzwa hata kwenye supamaketi za Gyomu Super ambazo bei zake ni nafuu, na ukiwa Tokyo nenda mtaa wa Shin-Okubo, maduka ya Wabangladeshi na Wanepali yana iliki, mdalasini, basmati, kila kitu.

Ladha nayo itawachukua muda. Hamna nazi, pilipili ni kidogo, na nyama wanaitia sukari, mimi hilo lilinisumbua kuliko samaki mbichi. Mchuzi wao unaanzia kwenye dashi, yaani maji ya mwani na samaki mkavu aliyekwanguliwa, mwanzoni nilikuwa naona haina kitu, siku hizi naisikia kabisa na naipenda. Nikifikiria dada zetu Zanzibar wanavyolima mwani, ingawa ni wa aina nyingine, mwingi unasafirishwa nje na sisi wenyewe hatuuli sana, naona kuna mapishi tumeyaacha.

Natto sitawadanganya, maharage ya soya yaliyochachushwa, yananata yanavuta nyuzi na harufu yake ni kali, siipendi mpaka leo. Hapa Osaka hata wenyeji wengi hawaitaki.

Wali wao unashikana, kwa pilau hautafaa, na sio rahisi tena, 2025 mfuko wa mchele wa kilo 5 ulipita yeni 4,000. Mwanafunzi apike nyumbani, aende supamaketi usiku karibu na kufunga wakianza kubandika stika za nusu bei, samaki wazuri utawapata hapo.

Unga wa sembe unapatikana kwa kuagiza ila ni ghali. Kwenye begi wekeni viungo na majani ya chai, nyama msibebe hata iwe kavu, uwanja wa ndege wanaichukua. Na mkialikwa na wenzenu wa kazini au chuo semeni mapema msichokula, siku mbili tatu kabla, sio mezani chakula kishafika, wenyeji wanahangaika sana kukutafutia kitu na inawauma wakikuona umekaa na glasi ya maji tu.